Chupa ya Chai Haijivunji

Leo nimeziweka kando barua za wachumba wasiopokea simu na za mawifi wanaofunua sufuria, maana ipo moja iliyoninyima usingizi siku mbili. Mwenyewe kaomba nisitaje jina wala mji, na mengine nimeyapunguza asijulikane. Sikilizeni.

"Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 27, nimeokoka, naimba kwaya na mimi ndiye mweka hazina. Mwaka jana tulichangishana pesa za sare, zikakaa kwangu laki sita. Kodi ya chumba ikafika, mdogo wangu naye akarudishwa nyumbani kwa michango ya shule, shetani akanipitia, pesa zikatumika. Nikawaambia wenzangu kwamba fundi ametutapeli. Nimetubu usiku peke yangu mara nyingi, nimefunga, lakini amani sina. Nikishika Biblia naona kama inanikodolea macho. Maswali yangu ni matatu. Kama Mungu alijua tangu mwanzo kwamba nitazila zile pesa, kosa langu liko wapi? Kama ameshanisamehe, mbona sisikii chochote? Na je, inawezekana nimetenda ile dhambi isiyosameheka? Najichukia, dada."

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole. Mtu asiye na hofu ya Mungu hawezi kuandika barua kama hii. Angekuwa ameshashona gauni na pesa inayobaki kala chipsi kuku. Lakini umeniita dada, na dada hapaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu kama mwalimu wa darasa la nne. Nilikuwa nakutafuta wewe mwenyewe uko wapi. Kodi ikafika. Mdogo wako akarudishwa. Shetani akapita. Pesa zikatumika. Kila mtu na kila kitu kinafanya kazi katika habari hii isipokuwa wewe. Unatokea mara ya kwanza pale unapowaambia wenzako kuhusu fundi, na hapo napo umepita mbio kama mtu anayekwepa dimbwi.

Sikulaumu sana, maana Kiswahili chetu chenyewe kinatubeba. Mboga imeungua. Simu imeanguka. Mimba imeingia. Pesa zimeisha. Nikupe kisa changu. Nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwetu kulikuwa na chupa ya chai ya wageni, ile yenye maua mekundu, inakaa juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma. Nilikatazwa kuigusa. Jioni moja nikaigusa. Mlijua kioo cha ndani ya chupa ya chai kikipasuka kinasagika kama barafu inayong'aa? Mama akaja mbio kwa mlio. Nikasema, "Mama, chupa imevunjika." Akaniangalia. Akauliza kwa upole ulionitisha kuliko fimbo: "Imejivunja?"

Nikataja paka. Nikataja upepo. Nikamtaja na kaka yangu, ambaye siku hiyo alikuwa kwa bibi. Mama akanyamaza tu na ufagio mkononi. Mpaka nikasema, "Nimeivunja mimi." Hapo ndipo alipochuchumaa akanishika mabega, akatazama kama nimekatwa mahali, akasema yameisha. Kisha akanipa ule ufagio.

Ule ukimya wake niliuelewa nikiwa mtu mzima. Alikuwa ameshaamua kunisamehe tangu anaingia mlangoni, lakini hakuwa na wa kumsamehe. Paka hakukosa kitu. Upepo hauombi radhi. Mpaka mimi nijitokeze, msamaha wake ulikaa mkononi kama zawadi isiyo na mwenyewe.

Na hilo ndilo ninalotaka ulishike leo, hata ukisahau mengine yote. Hiari na msamaha si maadui. Watu wengi wanadhani kadiri kosa linavyokuwa langu, ndivyo msamaha unavyokuwa mbali, kwa hiyo tunapunguza: shetani kidogo, umaskini kidogo, Mungu alipanga kidogo. Kinyume chake, msamaha unamhusu mtu aliyefanya. Kama aliyekula laki sita ni shetani, wewe huna haja ya kusamehewa, na shetani haimbi kwaya yenu.

Biblia imejaa watu wa "imevunjika". Adamu alipoulizwa akamtaja mwanamke, tena akamkumbusha Mungu kwamba ni Yeye aliyemleta. Mwanamke akamtaja nyoka. Lakini bingwa wao kwangu ni Haruni. Soma Kutoka sura ya 32. Mstari wa nne unasema wazi kwamba alipokea dhahabu ya watu akaichonga kwa chombo mpaka ikawa ndama. Shuka mpaka wa ishirini na nne, Musa anamuuliza, naye anajieleza kwamba aliitupa tu dhahabu motoni na ndama akatoka. Ndama akatoka! Sawasawa na pesa zako zilizotumika.

Sasa swali lako la kwanza, kwamba Mungu alijua. Aliyelishughulikia swali hili kwa jasho ni Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Tagaste, katika Algeria ya leo, akaja kuwa askofu wa Hippo. Ujana wake si wa kusimuliwa watoto kabla ya kulala. Kwa miaka kama tisa alifuata dini ya Wamani, na baadaye akakiri katika kitabu chake cha Maungamo kwamba kilichompendeza kule ni kuambiwa kwamba anapotenda dhambi si yeye, ni kitu kingine kilichomo ndani yake. Yaani miaka elfu moja na mia sita iliyopita, shetani alishakuwa anapitia watu.

Alipoachana na mafundisho hayo akajibu hivi, nami naeleza kwa maneno yangu. Wewe leo unakumbuka kwamba jana ulikwenda sokoni. Je, kumbukumbu yako ndiyo iliyokupeleka? Hapana, kukumbuka hakusukumi mambo yaliyopita. Basi na kujua kwa Mungu hakusukumi mambo yajayo. Mama yangu naye alijua siku moja nitaigusa chupa ile, alinijua mwanawe. Kujua kwake hakukunyanyua mkono wangu.

Najua utaniletea Farao, maana kila nikisema hivi lazima mtu anyooshe kidole: mbona imeandikwa Mungu aliufanya mgumu moyo wake? Imeandikwa kweli, na Musa aliambiwa hivyo mapema. Lakini hesabu mapigo. Katika yale matano ya kwanza, habari ni kwamba moyo wa Farao ulikuwa mgumu au kwamba yeye mwenyewe aliufanya mzito. Ni kwenye la sita, la majipu, ndipo inapotajwa kwamba Bwana ameufanya mgumu. Wapo wanaosoma hivi: mtu aliyekataa mara tano ameachwa na kukataa kwake. Wengine, wakimfuata Paulo kwenye mfano wa mfinyanzi na udongo katika Warumi 9, wanasema Mungu ana uhuru wake usioulizwa. Kanisa limebishana hapo karne nyingi, tena watu wenye akili kuliko mimi na wewe. Mwaka 1524 Erasmus aliandika kuitetea hiari ya binadamu, mwaka uliofuata Martin Luther akamjibu kwamba hiari hiyo, bila neema, imefungwa kama mtumwa na haiwezi kumgeukia Mungu kwa nguvu zake. Wakatoliki wakasema kwenye Mtaguso wa Trento kwamba hiari imedhoofika ila haijafa.

Mimi si mwanateolojia, lakini naona kitu kimoja katika ugomvi huo. Hakuna upande uliosema binadamu anajiokoa. Augustino mwenyewe uzeeni alipambana na mtawa kutoka Uingereza, Pelagius, aliyefundisha kwamba mtu akikaza buti anaweza kutotenda dhambi kwa nguvu zake, na mtaguso uliofanyika Karthago mwaka 418 ukayakataa mafundisho hayo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki walitia saini pamoja kule Augsburg, Ujerumani, tamko kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu. Kwa hiyo usali KKKT, usali Katoliki, neema ndiyo inayotangulia kubisha hodi. Hata hiyo hofu iliyokufanya uniandikie, usidhani umejitengenezea mwenyewe. Ila mlango haubomolewi. Unafunguliwa na aliyemo ndani.

Swali la pili: mbona husikii kusamehewa? Hapa nikupeleke Karthago tena, karibu na Tunis ya leo, lakini turudi nyuma mpaka mwaka 250. Kaisari Decius alitoa amri kila mtu katika dola atoe sadaka kwa miungu mbele ya maofisa, kisha apewe hati. Hati zenyewe zimefukuliwa Misri, zaidi ya arobaini, za mafunjo, zenye saini za mashahidi. Wakristo wengine walikataa wakafungwa au wakafa. Wengine walitoa sadaka. Na wengine, mdogo wangu, wakawa wajanja: hawakutoa sadaka, wakamhonga ofisa wakanunua hati. Hawakumkana Yesu kwa mdomo, wamemkana kwa risiti.

Mateso yalipopoa, wote wakarudi kugonga mlango wa kanisa. Padri mmoja wa Roma, Novatian, akasema hapana, walioanguka wamekwisha, kanisa haliwezi kuwapokea. Upande mwingine walikuwapo waliotaka waingie siku hiyohiyo, kwa vikaratasi vya utetezi walivyopewa na ndugu waliokuwa gerezani kwa ajili ya imani. Askofu Sipriani wa Karthago akakataa vyote viwili. Mwaka 251 yeye na maaskofu wenzake wakakubaliana kwamba mlango upo wazi, ila njia ya kuufikia ni toba, na kila mmoja asikilizwe kwa habari yake: aliyenunua hati si sawa na aliyekimbilia madhabahuni kwa miguu yake. Muda si mrefu, tishio la mateso mapya lilipoonekana, wakawafungulia hata wale waliotoa sadaka, ilimradi wamekuwa katika toba, wasije wakayakabili wakiwa nje. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 258.

Nakupa habari hiyo kwa sababu naona unaishi na Novatian moyoni usiku, na mchana unatembea na kikaratasi cha utetezi. Usiku unajiambia umekwisha. Mchana unajiambia "nimeshatubu, Mungu anajua", na fundi wa watu bado anaitwa tapeli.

Eeh, fundi. Umemsahau? Mimi sikumsahau. Yuko na cherehani yake barazani, anashangaa kwa nini akina mama wa kwaya wanapita upande wa pili wa barabara. Wewe uliiibia kwaya pesa, yeye ukamwibia jina, na jina halirudishwi kwa M-Pesa. Ndiyo maana sishangai kwamba husikii amani. Dhamiri yako inafanya kazi, haijaharibika. Torati katika Hesabu sura ya 5 iliagiza aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe chote, aongeze na sehemu ya tano juu yake. Kwa laki sita, sehemu ya tano ni laki na ishirini. Zakayo wa Yeriko hakuhesabu sehemu ya tano, aliahidi mara nne, na nusu ya mali yake kwa maskini. Lakini angalia mpangilio wake: Yesu alijialika nyumbani kwake kwanza, kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Zakayo hakununua msamaha, alikuwa anafagia vipande.

Swali la tatu, hilo la dhambi isiyosameheka, nalijibu haraka maana limewatesa wengi bure. Katika Marko 3, Yesu anawaambia hivyo walimu wa sheria waliosema kwamba anatoa pepo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Walijua, wakakataa kwa makusudi. Mafundisho ya makanisa mengi, na Katekisimu ya Katoliki ya mwaka 1992 ikiwa mojawapo, yanalieleza hivyo: huruma ya Mungu haina mpaka, ila mtu anaweza kuikataa kwa hiari mpaka mwisho. Anayelia kwa hofu kwamba ameitenda, kule kulia ni ushahidi kwamba hajaitenda.

Hata hivyo kuna kitu nataka ukichunge. Usiku ule mmoja Yesu alipokamatwa, walianguka wawili. Petro alikana mara tatu, Yuda alisaliti. Na Yuda, msome vizuri katika Mathayo 27, alikiri kwamba amekosa, akarudisha vipande vyote thelathini vya fedha. Alisema "ni mimi" na pesa akarudisha! Alipungukiwa nini? Alikwenda kuyasema kwa makuhani waliomnunua, wakamwambia hilo ni lako, shauri yako. Akaondoka nalo peke yake. Petro naye alilia, lakini alibaki na wenzake. Baadaye, ufukweni, alimkuta Yesu amewasha moto wa makaa na samaki juu yake. Yohana anayataja makaa mara mbili tu: uani kwa kuhani mkuu, Petro alipokuwa anaota moto na kukana, na hapo ufukweni. Harufu ileile. Akaulizwa mara tatu kama anampenda, mara tatu kama alivyokana, na kila akijibu akakabidhiwa kondoo wa kuchunga.

Kwa hiyo usiendelee kutubu gizani peke yako ukizungumza na ukuta. Na hilo neno "najichukia" nimeliona. Likigeuka kuwa usiku wa kutamani usiamke, usingoje jibu la gazeti. Mwamshe mtu unayemwamini usiku huohuo, kisha uende hospitali ukazungumze na mtaalamu.

Sasa ufanye nini. Wiki hii mwone mchungaji wako faraghani. Ungekuwa Mkatoliki ningekwambia nenda kitubio, padri hawezi kutoa siri hiyo hata kwa mtutu wa bunduki. Sema sentensi fupi inayoanza na "ni": nilichukua laki sita za kwaya, nikazitumia, nikamsingizia fundi. Usianze na kodi. Kodi na mdogo wako ni kweli na ni uchungu, utavieleza ukiulizwa. Kisha, pamoja na mchungaji, waambieni viongozi wa kwaya. Usikimbilie kipaza sauti Jumapili kutoa ushuhuda wa machozi, watu wakapiga vigelegele ukarudi nyumbani bila kumlipa mtu. Mwachie mwingine daftari la hazina. Panga kulipa kidogokidogo kwa maandishi, hata elfu thelathini kwa mwezi, ni miezi ishirini, itafika. Na kwa fundi uende kwa miguu yako, halafu umsafishe palepale ulipomchafulia, mazoezini, mbele ya wote waliokusikia.

Itauma. Huenda ukasimamishwa kuimba, huenda ukatengwa kwa muda kabla ya kurudi kundini, wengine hawatakusalimia. Wala siwezi kukuahidi kwamba hakuna atakayetaja polisi. Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliahidiwa paradiso siku ileile, ila hakushushwa msalabani.

Na kabla sijafunga, niseme na wengine mnaosoma kimya. Wapo kati yenu wanaobeba "ni mimi" isiyo yao: aliyeshikwa kwa nguvu, anayepigwa na mume akaambiwa amejitakia, aliyeharibiwa akiwa mtoto. Mdogo wangu, hapo hukuwa na hiari, na pasipo hiari yako hapana dhambi yako. Usiombe msamaha kwa kosa alilokufanyia mtu. Huo ufagio si wako.

Mwenye barua, nilikuahidi sikupaki mafuta. Nimalizie tu kile kisa. Nilifagia vile vipande jioni ile, kimoja kikanichoma kidole, alama ninayo mpaka leo. Nikajua chupa ya wageni sitaiona tena mkononi mwangu maisha yangu yote. Mwisho wa mwezi mama akapokea mshahara, tukaenda naye dukani, akachagua nyingine, ya bluu safari hii. Muuzaji akaifunga kwenye gazeti. Mama akailipia, akaichukua, akanipa mimi niibebe mpaka nyumbani.